Barua kwa mwanangu: kungoja ni kazi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia hapa Kirumba, Mwanza. Unauliza kama ni kukosa imani kuacha kuomba, baada ya miaka minane ya kumlilia Mungu akupe mtoto. Nimejaribu kukujibu hilo hilo, lakini kila nikishika kalamu namkumbuka mjomba wako.

Tarehe 21 Mei 1996, habari za meli ya MV Bukoba aliyokuwa amepanda zilipofika mjini, nilikimbilia bandarini na Biblia kwapani, nikiomba neno moja tu: arudi. Tuliposikia kwamba meli imepinduka lakini bado inaelea, na kwamba waliomo ndani wanagonga, nilimshukuru Mungu mapema, nikijiambia kwamba anayegonga ni yeye. Kisha meli ikazama yote. Unajua kwa nini kila mwaka tunakwenda makaburi ya Igoma, walikozikwa wengi waliokufa katika meli ile, na kusimama mbele ya makaburi ya watu wengine, kwa kuwa yeye hakupatikana.

Hata hivyo, kinachonichoma hadi leo ni mzee mmoja wa kanisa aliyekuja kutufariji wiki ya pili, akaniambia kwamba ningeomba bila shaka moyoni, kaka yangu angefika nchi kavu. Nami nikamwongezea chai! Labda alikuwa na nia njema. Hapana, simtetei, alitaka msiba wetu uwe na sababu, ili yeye apate usingizi.

Baada ya hapo nilikaa miezi mingi bila kuomba. Nilikwenda ibadani, nikafumba mdomo wenzangu wakiimba. Nilichoweza kusoma ni Zaburi ya 88 peke yake, ambayo haigeuki kuwa shukrani mwishoni kama zaburi nyingine za kilio. Inaishia gizani, na hakuna aliyethubutu kuiondoa katika Biblia. Kwa hiyo usikubali mtu akutupie habari za Hana, kana kwamba kila mwanamke aliyelia Shilo alirudi nyumbani na Samweli.

Unamkumbuka baba yako siku za mbalamwezi, wakati taa za karabai hazivuti dagaa kwa kuwa ziwa lote limeangazwa. Hakuuza mtumbwi, alikaa uani akishona nyavu, na hasira zake tulizijua sote. Nimekuambia tangu utoto kwamba kungoja ni kazi, nawe ulikuwa ukikunja uso. Narudia: kungoja ni kazi. Ingawa, nikisema kweli, mvuvi anajua giza litarudi lini, nawe hujui lako; hapo mfano wangu unavuja, na sina cha kuuziba.

Kuhusu kuendelea au kuacha, jibu ninalo mdomoni, na tangu asubuhi nimelimeza mara tatu. Hilo ni lako na mumeo, na baba yako angenigombeza kama ningeliandika. Ila Jumapili ukienda ibadani, kaa benchi la nyuma karibu na mlango, nilipokaa mimi mwaka ule, na wakisimama kuimba, si lazima usimame.

Mama yako