Kelele za baa jirani: jua eneo lako na saa yako kabla ya kwenda kulalamika

Watu wengi wanaamini kuwa muziki wa baa huwa kosa ukipita saa sita usiku. Nimeambiwa hivyo na majirani, nikaambiwa na meneja wa baa, hata askari aliyekuwa zamu usiku mmoja aliniambia hivyohivyo. Kanuni za Kenya zinasema vingine. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2009, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira, EMCA, zinahesabu mchana kuanzia saa kumi na mbili na dakika moja asubuhi hadi saa mbili usiku. Ikigonga saa mbili na dakika moja, ni usiku. Yaani taarifa ya habari ya saa moja ikiisha na ukamaliza kuosha vyombo, usiku wa kisheria umeshaingia.

Nilikaa muda mrefu kwenye nyumba iliyopakana ukuta na baa, huko Kisauni, Mombasa. Nimeandika barua, nimekaa vikao, nimesimama dirishani na maafisa wa mazingira wakipima kelele. Sasa watu wananiuliza nilianzia wapi. Nilianzia kwenye jedwali la kanuni hizo, na ninakushauri nawe uanzie hapo, kwa sababu ukienda ofisini ukisema tu "kuna kelele" utasikilizwa kwa huruma na kurudishwa nyumbani.

Jedwali linagawa maeneo kwa matumizi ya ardhi. Maeneo ya utulivu, kama yanayozunguka hospitali, yana kikomo cha desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 40 mchana na 35 usiku. Mahali pa ibada ni vivyo hivyo. Makazi ni 45 mchana ukipimia ndani ya nyumba na 50 ukipimia nje, na usiku 35 ndani na nje. Makazi yaliyochanganyika na biashara na sehemu za burudani ni 55 mchana, 35 usiku. Eneo la biashara ni 60 mchana, 35 usiku.

Rudia kusoma namba za usiku. Kote ni 35. Tofauti ya maeneo, ile ambayo kila mwenye baa ataitegemea, inakwisha saa mbili usiku. Jambo hili ndilo lililonisaidia kuliko lolote jingine. Meneja wa ile baa, kijana mpole kwa kweli, kila nikimwendea alinipa jibu moja: "Mama, hapa ni sehemu ya biashara, si unaona maduka yote haya?" Tungebishana hadi leo kama mtaa wetu ni wa makazi, wa biashara au wa mchanganyiko, maana kwa ramani za mipango ya mji ni kitu kimoja na kwa macho ni kingine. Siku moja nikamwambia: "Sawa mwanangu, tuseme ni ya biashara. Una haki ya 60 mchana kutwa. Saa hizi ni saa nne." Hakuwa na la kujibu, na ubishi wa eneo ukaishia pale.

Hii haina maana kwamba usihangaike kujua eneo lako. Kama kinachokusumbua ni cha mchana, kwa mfano karakana ya kuchomelea vyuma, kinu cha kusaga unga, au kinyozi aliyetoa spika barazani, basi eneo ndilo litakaloamua kesi yako, maana kati ya 50 na 60 tofauti ni kubwa. Nenda ofisi ya mipango ya kaunti ukaulize ploti ile imesajiliwa kwa matumizi gani. Ujenzi nao una jedwali lake: karibu na makazi ni 60 mchana na 35 usiku, na mchana wa ujenzi unakwisha saa kumi na mbili jioni. Fundi anayewasha grainda saa moja usiku karibu na nyumba yako tayari yuko kwenye saa za usiku.

Tuje kwenye namba yenyewe. Desibeli haziongezeki kama shilingi. Kila 10 zikiongezeka, nguvu ya sauti imezidi mara kumi, na sikio linaisikia kama imekuwa maradufu hivi. Mazungumzo ya kawaida ya watu wawili walio umbali wa mita moja ni karibu 60. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 1999, lilipendekeza chumba cha kulala kisizidi 30. Kwa hiyo baa inayofikisha 65 dirishani kwako usiku, mwenyewe akisema "tumepunguza kidogo," imezidi kikomo kwa nguvu mara elfu moja.

Lakini niwe mkweli kwako: 35 ni kiwango kigumu katika mji. Tuktuk zinapita, mbwa wanabweka, feni inazunguka. Mwenye baa mwerevu atakwambia barabara peke yake inazidi 35, na pengine atakuwa anasema kweli. Dawa yake ni kupima mara mbili, usiku baa ikiwa imefungwa na usiku ikiwa imefunguliwa, saa ileile, mahali palepale. Mwanya kati ya vipimo hivyo viwili ni wa kwake, hawezi kuisingizia barabara.

Programu ya simu inatosha kwa hatua hii, ingawa haina uzito wa kipimo kilichohakikiwa cha maafisa. Tumia simu ileile kila usiku, usizibe kinasa sauti kwa kidole, na uandike wastani, siyo ile namba kubwa inayoruka mtu akipiga honi. Kanuni zenyewe zinahesabu wastani wa muda wote. Weka daftari: tarehe, saa, ulipopimia, namba, na ulichokuwa ukisikia. Mimi niliandika hata usiku uliokuwa mtulivu, na nafikiri hilo ndilo lililofanya daftari langu liaminike. Anayeandika mabaya peke yake huonekana ana kisa na mtu.

Besi ni suala la peke yake, na nitakaa nalo kidogo kwa sababu ndilo linalowavunja watu moyo siku ya kupimwa. Vipimo vya jedwali viko kwa mizani inayoitwa A, ambayo imetengenezwa ifuate sikio la binadamu, na sikio halisikii vizuri sauti nzito za chini. Kwa hiyo mizani hiyo inazikata kabla ya kutoa namba. Jikoni kwangu kifuniko cha sufuria kilikuwa kikitetemeka juu ya rafu kwa mdundo uleule, na vikombe vya kabatini vikigongana. Ukiweka kiganja ukutani unauhisi wimbo mzima. Kipimo kikatoa namba ndogo kuliko nilivyotarajia. Ilizidi kikomo, ndiyo, ila si kwa kiasi ambacho mwili ulikuwa ukikihisi. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima mwenye presha, alikaribia kulia akidhani maafisa wanatudanganya. Hawakutudanganya.

Kama shida yako ni ya namna hiyo, usilalamikie kelele peke yake, lalamikia na mitetemo. Kanuni hizohizo zinakataza mitetemo inayozidi nusu sentimita kwa sekunde nje ya mpaka wa ploti inakotoka. Iandike kwenye barua kama lalamiko la pili. Waonyeshe maafisa kifuniko cha sufuria, waweke mkono ukutani.

Halafu kuna kipengele ambacho watu hawakisomi. Kanuni zinapotaja mambo ya kuangaliwa ili kujua kama kelele imezidi mpaka, zinataja saa, ukaribu na makazi, kama inajirudia au ni ya mara moja, ukali wake, na kama anayeipiga angeweza kuidhibiti bila taabu kubwa wala gharama kubwa. Hilo la mwisho ni silaha. Ukimwonyesha mtu dawa rahisi naye akaikataa, amejiweka pabaya mwenyewe.

Kwetu spika kubwa ilikuwa imeegemezwa kwenye ukuta tuliopakana. Tulipendekeza kwa maandishi iondolewe ukutani, iinuliwe sakafuni kwa godoro la povu, igeuzwe kuelekea ndani ya baa, na mlango wa nyuma ufungwe kuanzia saa mbili. Kwenye uwazi, umbali kutoka kwa spika ukiongezeka maradufu sauti inashuka kwa desibeli 6 hivi, na spika isiyogusa ukuta haiusukumi ukuta. Gharama yake ilikuwa godoro moja. Mwenye baa alikubali baada ya maafisa kumwandikia, lakini yaliyoandikwa kwenye agizo lao yalikuwa yale tuliyoyapendekeza sisi. Muziki haukuisha, na sikutaka uishe, maana vijana wanaofanya kazi pale wanalisha watu. Vikombe viliacha kugongana.

Barua iwe fupi. Taja kanuni za 2009, eneo lako, saa, vipimo viwili, na dawa unayopendekeza. Zitie saini nyumba kadhaa, maana barua ya mtu mmoja husomwa kama ugomvi wa majirani. Usimseme vibaya mwenye baa, wala dini yake, wala wateja wake. Peleka nakala NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, na nakala nyingine kaunti, kwa sababu Katiba, katika Jedwali la Nne, imewapa kaunti udhibiti wa kelele, na sheria ya EMCA imeipa NEMA kazi hiyohiyo. Kila ofisi itakuelekeza kwa nyenzake, kwa hiyo nenda ukiwa na nakala ya kila moja iliyogongwa muhuri wa kupokelewa. Polisi ni wa usiku huu, ofisi ni za kesho. Kumpigia OCS, mkuu wa kituo cha polisi, kunazima muziki hadi asubuhi tu.

Usikurupukie mahakama, lakini ujue mlango uko wazi. Kifungu cha 42 cha Katiba kinatupa haki ya mazingira safi na yenye afya, na kifungu cha 70 kinasema anayedai haki hiyo mahakamani halazimiki kuthibitisha kuwa kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Kesi hizi husikilizwa na Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kuliandika hilo katika mstari wa mwisho wa barua, kwa adabu, hakuna ubaya.

Kwa nyumba za ibada, matanga na harusi, mimi naona njia ni nyingine. Harusi ni ya usiku mmoja, na jirani mwema huvumilia. Penye mkesha wa kila wiki wenye spika nje, nenda mchana, na uende na mtu mzima wanayemheshimu, useme nao kwa taratibu kuhusu mwelekeo wa spika. Nimeona spika zikigeuzwa kwa mazungumzo ya namna hiyo bila barua yoyote.

Walio nje ya Kenya wasinakili namba zangu. Tanzania ina kanuni zake za mwaka 2015 na jedwali lake. Uganda ilikuwa na kanuni za 2003 ambazo usiku wake ulianza saa nne, na eneo la viwanda liliruhusiwa 60 hata usiku. Tafuta ya kwako.

Nimalizie na la kufanya hata kama leo mtaa wako umetulia, kwa sababu baa ambayo haijafunguliwa ni rahisi kuizuia kuliko iliyokwisha kununua friji na kuajiri watu. Anayetaka kugeuza nyumba ya makazi kuwa ya biashara anatakiwa kuomba kibali cha kubadili matumizi ya ardhi chini ya sheria ya mipango ya mwaka 2019, na umma lazima utangaziwe. Tangazo huwa gazetini, na huwa kwenye kibao kinachosimikwa penye ploti yenyewe, mara nyingi kimejificha nyuma ya mkwaju au pikipiki za bodaboda. Kisome. Kimeandikwa pingamizi zipelekwe wapi na ndani ya siku ngapi. Kipige picha siku hiyohiyo, uitume kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, na barua ya pingamizi ifike ofisini kabla siku hizo hazijaisha.