Anza na Yusufu akiwa na miaka 17
Dada yangu, umeuliza ufanye nini na vijana wako wa miaka 14 wanaosoma Biblia kwa sauti bila kuielewa. Ningeanza na Mwanzo 37, kwa sababu hapo Yusufu ana miaka 17, na chuki ya ndugu zake, kanzu aliyopewa na baba yake na vipande 20 vya fedha alivyouzwa ni mambo ambayo kijana huyaelewa bila kuhubiriwa. Someni sura moja tu kwa wiki, mkilinganisha tafsiri mbili za Biblia: Union Version ya 1952, ambayo Kiswahili chake huwapa vijana taabu, na Habari Njema, yenye Kiswahili chepesi zaidi. Mimi huwauliza vijana ni wapi alikosea Reubeni, ndugu aliyetaka kumwokoa Yusufu, kisha hunyamaza hata kimya kikiwa kirefu, kwa kuwa jibu la kijana mwenyewe, hata lenye kasoro, ndilo tunaloanzia mjadala.