Kihispania cha amana: anza na nchi moja

Umeuliza uanzie wapi kujifunza Kihispania cha sheria na biashara upande wa amana (trust, yaani mali anayokabidhiwa mtu aisimamie kwa faida ya mwingine), mi nakushauri usikariri orodha ndefu, chagua nchi moja kwanza maana maneno yanabadilika ukivuka mpaka. Amana yenyewe ni fideicomiso. Meksiko anayetoa mali ni fideicomitente, anayeisimamia ni fiduciario, anayenufaika ni fideicomisario. Sasa angalia Argentina: mtoaji ni fiduciante, mnufaika ni beneficiario, na fideicomisario ni yule anayekabidhiwa mali amana ikiisha, yaani neno lilelile ila mtu mwingine kabisa, na kwenye mkataba hapo ndo watu wanaumia kweli. Hispania nako ukikuta fideicomiso mara nyingi ni mambo ya mirathi. Shika pia vitenzi: transmitir ni kuhamisha mali, administrar ni kusimamia, rendir cuentas ni kutoa hesabu. Alafu tafuta mkataba halisi wa Meksiko usome kipengele kimoja kimoja huku unajiuliza nani anampa nani nini, kamusi ya kawaida itakuchanganya tu. Ukishazoea ndo uhamie Kolombia, kule utakutana sana na fiducia mercantil, yaani amana ya kibiashara.