Sketi mbili nyeusi na blauzi nyeupe zinatosha kabisa

Mdogo wangu umesema umeanza kazi ofisini hapa Mwanza una sketi mbili nyeusi na blauzi tatu tu, wala usikope hela ya nguo, anza na mkanda. Nenda soko la Mlango Mmoja kwenye mitumba utafute wa ngozi halisi, ukunje kidogo kwa vidole uuangalie, wa plastiki mara nyingi unaonyesha nyufa, wa ngozi nzuri unakunjika tu na kurudi, halafu rangi yake iendane na viatu, hapo tu blauzi ile ile inaonekana umeipangilia.

Skafu usinunue, omba fundi wako mabaki ya kitenge akupindie kingo, unafunga shingoni au kwenye mkono wa pochi. Hereni ndogo za dhahabu bandia zipake nyuma rangi ya kucha ile isiyo na rangi, maana jasho la kupanda daladala na jua letu hili linazigeuza kijani ndani ya wiki chache. Saa moja ya mkono inatosha.

Na viatu jamani, beba kitambaa kwenye pochi, vumbi ufutie getini kabla hujaingia.