Siku moja Bangkok na kundi la watalii: uliza haya kabla hujalipa

Kama unaenda Bangkok mara ya kwanza na una siku moja tu ya kutembea, nakushauri lipia ziara ya kundi, ila usitoe hela kabla hujauliza gari linawachukulia wapi. Mimi sikuuliza. Niliambiwa tutakufuata hotelini nikafurahi, kumbe hiace inazunguka hoteli saba za mtaa wa Sukhumvit kuokota watu kwenye foleni ambayo hata sisi tuliozoea Ubungo inatuchosha, nilipanda saa 1 na nusu asubuhi tukafika kasri la mfalme saa 4 kasoro, jua limeshapanda na mabasi yamejaa. Kasri linafunguliwa saa 2 na nusu, ile saa ya kwanza ndo unaweza kutembea bila kusukumwa, na sisi tuliimalizia barabarani. Siku hizi mtu akiniuliza namwambia tafuta kampuni inayokutana na wateja gati ya Sathorn, unashuka kwenye treni ya juu ya BTS kituo cha Saphan Taksin, gati iko hapo hapo chini, mnapanda boti mto Chao Phraya na mtoni hakuna foleni.

Mavazi sasa. Pale kasri hawabembelezi mtu, magoti na mabega yafunikwe, na usitegemee mtandio wa kujitupia, vaa blauzi ya mikono kabisa. Kina dada wawili wa kundi letu walikuja na kaptula wakarudishwa getini, ikabidi wavuke barabara kununua suruali na sisi wote tukawasubiri juani. Mimi nilikuwa na kanga kwenye begi, na siku ile ilinifaa kuliko kitu kingine chochote, mara nijifunge, mara niikalie, mara nijikinge jua. Na viatu vaa vya kuvua haraka maana kila hekalu unavua, vya kamba vitakuchelewesha siku nzima.

Kinachonifanya nisifu kundi ni mtembezaji mwenyewe. Alikuwa dada wa Kithai mwenye mwavuli wa njano, na mimi niliamua mapema kwamba popote alipo mwavuli na mimi nipo, nusu ya wenzangu walikuwa nyuma wanapiga selfi. Hekalu la ndani ya kasri lina sanamu ya Buddha ya kijani, ina urefu wa sentimita 66 tu, imewekwa juu sana na ndani hupigi picha, yani peke yangu ningeingia dakika mbili nikatoka. Yeye akatukalisha chini, akatuonyesha kukunja miguu pembeni ili nyayo zisielekee sanamu maana kwao ni dharau kubwa, akatuambia wanaiita ya zumaridi lakini jiwe lenyewe ni jade, na nguo zake zinabadilishwa mara tatu kwa mwaka na mfalme mwenyewe, za joto, za mvua na za baridi. Tulikuwa Januari kwa hiyo tuliikuta na vazi la dhahabu la msimu wa baridi, na sisi jasho linatutoka. Hayo yote ningeyapita. Kasri lilianza kujengwa mwaka 1782, mfalme Rama wa kwanza alipohamisha mji mkuu kutoka Thonburi ng'ambo ya mto, na ukielewa hilo hata mji wenyewe unaanza kukueleweka, kwa nini mambo yote yamejipanga pale kwenye mto.

Kulikuwa na bibi mmoja wa Muscat, kaja na mwanawe aliyekuwa anatibiwa hospitali ya pale. Alinisikia naongea na simu akanigeukia, "Mwanangu, wewe wa wapi?" kwa Kiswahili cha Unguja safi kabisa. Nikamwambia shikamoo bibi, mimi wa Tanga. Tangu hapo tukawa pamoja, ila pale getini wakati wa kutoka umati ukatutenganisha na tulimtafuta karibu nusu saa. Tulimkuta nje na mwanaume mmoja amevaa vizuri, anamwambia kasri limefungwa leo kwa sababu ya ibada, panda bajaji baht 20 tu (baht ndo hela yao) nikupeleke hekalu jingine. Hii iweke kichwani, ukiwa nje ya kasri mtu akikwambia pamefungwa usimsikilize, nenda getini ujionee mwenyewe. Ile bajaji ya bei poa mwisho wake ni duka la mawe ya vito. Na ukiwa na mtu mzima kwenye safari mpe laini ya simu ya pale yenye bando na namba ya mtembezaji, bibi alikuwa na simu nzuri lakini haina intaneti.

Tukaenda hekalu la Wat Pho, lenye sanamu ya Buddha aliyelala, urefu mita 46, nyayo zimenakshiwa michoro 108 kwa magamba ya chaza yanayong'aa, na ukutani kuna vyungu 108 vya shaba watu wanadondosha sarafu kimoja kimoja mpaka ukumbi mzima unalia. Tulipewa dakika 25. Hapo niliumia.

Niliumia kwa sababu kituo kilichofuata tulikaa saa nzima na robo, na kilikuwa duka la vito. Kwenye ratiba kiliandikwa "kiwanda cha mafundi". Sasa mimi nimekulia nyumba ya biashara ya mawe, mjomba wangu miaka mingi anahangaika na spineli za Mahenge na safaya za Tunduru, na mawe mengi ya kwetu huwa yanaishia huko huko Bangkok kukatwa na kuchomwa, mafundi wao ni hodari na hilo siwanyimi. Lakini pale muuzaji alimwonyesha bibi tanzanite, buluu imeiva, anamuapia haijapita moto kabisa. Karibu tanzanite yote unayoiona madukani imechomwa, inatoka Mererani na rangi ya kahawia, moto ndo unaitoa buluu, na si kasoro, ila mtu anayekuficha hilo atakuficha na mengine. Halafu ikaja punguzo la leo tu, na kwamba ukienda kuuza kwenu unapata faida mara mbili. Nilimshika bibi mkono tukakaa nje. Kama kweli unataka jiwe, nunua siku nyingine kwa utulivu na udai cheti cha maabara isiyo ya duka, serikali yao ina taasisi ya vito inaitwa GIT. Kwa hiyo kabla ya kulipia ziara uliza kwa maandishi, mnapita duka lolote? Dakika ngapi? Ziara ya bei ya chini sana mara nyingi gharama yake inarudi kwa kamisheni ya duka, na muda wako ndo unauzwa.

Chakula cha mchana kama wewe Muislamu sema siku moja kabla, nguruwe iko kwenye vitu usivyotegemea. Mimi na bibi tulikula wali wa kuku penye alama ya halali na shokishoki za barabarani, bibi akasema za Unguja tamu zaidi, mimi sikubishana naye.

Hekalu la Wat Arun hatukufika, ratiba ilitumalizia muda, tukaliona kwa mbali ng'ambo ya mto. Kesho yake asubuhi nilimpitia bibi tukaenda wenyewe mpaka gati ya Tha Tien, pantoni baht 5 kila mtu, dakika chache mmevuka. Tulikaa pale mpaka adhuhuri tukiangalia vile vipande vya vyombo vya Kichina walivyopambia mnara mzima, kisha akarudi hospitali kwa mwanawe.