Tuta la mtaani: livunjwe au liachwe?

SWALI: Mhariri, assalamu alaikum. Mtaa wetu hapa Wete umepitiwa na barabara ya lami, na kando yake kipo chuo cha Kurani ambacho watoto hutoka kwa mkupuo kila jioni. Kwa kuhofia mwendo wa gari na pikipiki, tulichanga saruji tukajenga tuta wenyewe. Wiki iliyofuata kijana wa bodaboda alianguka hapo usiku, akavunjika mkono. Wapo wanaotaka livunjwe na wapo wanaokataa. Tushike lipi?
Mzazi, Wete, Pemba

JIBU: Waalaikumu ssalamu, ndugu mzazi. Livunjwe, lakini pasibaki patupu, kwa sababu hofu iliyowafanya mchange ni ya haki kabisa. Gari inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 katika ile sekunde moja ambayo dereva anamwona mtoto na kupeleka mguu kwenye breki, ilhali inayokwenda kilomita 30, kwa lami kavu na breki nzima, huwa imeshasimama katika umbali huohuo. Kwa mtoto anayekimbilia kofia iliyopeperushwa na upepo, tofauti hiyo ndiyo uhai wake.

Nia yenu ilikuwa njema; lililokosewa ni umbo. Tuta jembamba lililosimama kama gogo lililolazwa njiani humrusha mpanda pikipiki asiyelijua na humtesa mjamzito anayekimbizwa hospitali. Tuta la sawasawa ni pana: vipimo vinavyotumika sana ni karibu mita 3.7 kwa kufuata njia, na kimo kisichozidi sentimita 10, likipanda na kushuka taratibu kama mgongo wa kobe, ili anayekwenda polepole apite salama na anayezidisha mwendo atikiswe. Lipakwe rangi ya barabara, kwani chokaa huondoka na mvua za mwanzo za masika, na alama iwekwe mbali kidogo kabla ya kulifikia. Maji nayo yaachiwe upenyo pembeni, la sivyo dimbwi litaila lami. Kwenye upenyo huo isimamishwe nguzo fupi isiyozuia maji, maana wenye pikipiki watautafuta.

Penye faida kubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni mbele ya chuo chenyewe. Hapo ombeni kivuko kilichoinuliwa sawa na njia ya miguu, ambapo mtoto huvuka bila ya kushuka na gari ndiyo inayopanda, na njia ibanwe kidogo pande zote mbili. Dar es Salaam, shirika la Amend lilifanya kazi ya namna hii kwenye maeneo ya skuli za msingi, kwa njia za miguu, matuta na vivuko, na pengine hata kwa kuhamisha lango la skuli. Kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa mwaka 2019. Basi litazameni lango la chuo chenu: likiwezekana kufunguliwa upande wa uchochoroni, huenda gharama yake ikawa ndogo kuliko ya tuta.

Yote haya yapitie kwa sheha, ayafikishe baraza la mji na wahusika wa barabara, kwa kuwa tuta lisilo na idhini huwabebesha wananchi lawama ya kila ajali. Katika kikao hicho mwiteni na kijana aliyeumia, kwani yeye anajua njia ile inavyoonekana usiku. Na mpaka siku ya kulivunja, wekeni kila upande wa tuta pipa lililopakwa rangi nyeupe, na taa iwake hapo kuanzia magharibi.