Sacrilege, blasphemy, profane: je, zote ni kufuru?

SWALI: Shikamoo, mwalimu. Natafsiri kutoka Kiingereza kijitabu cha historia ya kanisa kwa ajili ya parokia yetu. Kila nikikutana na sacrilege, blasphemy, profane, desecrate au irreverent, kamusi niliyo nayo inanirudisha kwenye neno moja tu: kufuru. Ukurasa mmoja sasa una kufuru saba. Mahali pameandikwa "profane history", nami nimeweka "historia ya kufuru", lakini nasita. Halafu nikiandika sacreligious, kompyuta inanipigia mstari mwekundu. Kosa liko wapi, wakati neno lenyewe linahusu dini?
Mtafsiri, Morogoro

JIBU: Marahaba. Hapo unaposita ndipo penye kosa, na tutapafikia. Lakini tuanze na mstari mwekundu, maana tahajia hiyo inafungua mengine.

Ndani ya sacrilege hamna religion. Neno limetoka kwenye Kilatini sacrilegus, lililoungwa na sacer, yaani kilichowekwa wakfu, na legere, yaani kuokota au kukusanya, na kwa njia hiyo kuiba. Sacrilegus alikuwa mwizi wa vitu vya hekaluni, basi. Ndiyo maana irabu zinakaa kinyume na ulivyozoea: religious ina e kwanza kisha i, sacrilegious ina i kwanza kisha e. Wanaokosea, wakiwemo Waingereza wenyewe, wanaponzwa na sikio, kwa sababu siku hizi wengi hulitamka neno hilo mwisho wake ukilingana kabisa na religious. Dawa ni kuandika sacrilege kwanza, kufuta e ya mwisho, kisha kubandika -ious. Hutakosea tena. (Cicero, mwandishi wa Roma ya kale, alidai religio, mzazi wa religion, nayo imetokana na relegere, kupitia tena; Lactantius, mwandishi Mkristo wa baadaye, akasema hapana, ni religare, kufunga. Kama Cicero alikuwa sahihi, maneno haya mawili ni ndugu wa mbali, lakini undugu huo haubadilishi herufi hata moja.)

Maana ya wizi haikufa na Warumi. Sheria ya Wizi ya Uingereza ya mwaka 1916 ilikuwa na kosa lenye jina hilo hilo, sacrilege, la kuvunja nyumba ya ibada na kutenda uhalifu mkubwa ndani yake, kama kuiba. Lilifutwa na sheria mpya ya wizi ya 1968. Ushahidi mwingine unao nyumbani. Fungua Warumi 2:22. Biblia ya Kiingereza ya 1611 inamuuliza mtu anayechukia sanamu kama yeye mwenyewe anatenda sacrilege. Biblia ya Kiswahili, toleo la Union Version, inamuuliza kama anateka mahekalu. Watafsiri wetu walitazama Kigiriki, ambacho kinataja kupora hekalu waziwazi, wakaandika jambo lenyewe. Kwa hiyo kijitabu chako kikisema wezi waliingia kanisani wakabeba kalisi, na mwandishi akaita tendo hilo sacrilege, usiandike kwamba "walikufuru". Andika "waliiba vitu vitakatifu", au kama si wizi bali uharibifu, "walivitendea vitu vitakatifu isivyostahili".

Blasphemy ni ya mdomo. Imetoka Kigiriki, na sehemu yake ya pili ni pheme, usemi, ile ile iliyomo ndani ya euphemism, yaani kusema kwa uzuri, kile tunachokiita tafsida. Hapa ndipo penye makao halali ya neno kufuru. Mathayo 12:31 inataja neno la kufuru, na neno la kufuru ni kitu kinachosemwa au kuandikwa. Jambo la kufurahisha ni kwamba blame, lawama ya kawaida kabisa, ni mtoto wa blasphemy: blasphemare ya Kilatini cha baadaye ilipita Ufaransa, ikachakaa mpaka ikawa blasmer, ikaingia Uingereza ikiwa imepungua makali.

Lakini angalia, kufuru yetu ni pana kuliko blasphemy. Kwa Kiarabu mzizi wake ni kufunika, na kutoka hapo kukanusha na kukosa shukrani. Ndiyo maana tunasema mtu amekufuru neema. Na mtaani, harusi ya kufuru ni ile ya magari ishirini na keki ya ghorofa saba, wala hakuna aliyemtukana Mungu. Ukiijaza kufuru kila aya, msomaji atachagua maana anayoitaka yeye.

Sasa "profane history". Profanus ni pro, mbele ya, na fanum, hekalu. Ni kile kilichobaki uwanjani, nje ya mlango. Hakijafanya kosa lolote, hakikuingia tu. Hiyo ndiyo maana ya kwanza, na ndiyo iliyo kwenye kijitabu chako: historia ya wafalme, biashara na vita, iliyo tofauti na historia ya Biblia na kanisa. Iandike "historia isiyo ya dini" au "historia ya kidunia". "Historia ya kufuru" ingewafanya waumini wadhani ni orodha ya maasi. Ukitaka mfano wa kuiga, tazama 1 Timotheo 4:7. Pale Kiingereza cha 1611 kinaposema profane juu ya hadithi za kizee, Kiswahili kinasema "zisizokuwa za dini". Na Waebrania 12:16, Esau anayeitwa profane kwa Kiingereza, kwetu ni "asiyemcha Mungu". Neno moja, tafsiri mbili, zote sahihi, wala hamna kufuru hata moja.

Maana nyingine ni ya "profane language", na profanity kama inavyotumika hasa Marekani: hayo ni matusi tu, yawe yanamgusa Mungu au yanaishia kwenye viungo vya mwili. Na ukishaijua fanum, umeijua na fanatic: mtu wa hekalu aliyepandwa na mungu wake. Fan wa mpira, yule anayelia timu yake ikifungwa, ni kifupi cha fanatic.

Desecrate ni la mahali na vitu. Waingereza waliliunda wenyewe katika karne ya 17 kwa kuichukua consecrate, kuweka wakfu, na kuing'oa kichwa. Kunajisi ndilo neno lake: kunajisi hekalu, kunajisi madhabahu. Tahadhari moja tu. Katika habari za mahakama, hasa Kenya, kunajisi ni kosa la ngono dhidi ya mtoto, kwa hiyo taja daima kilichonajisiwa karibu na kitenzi, usikiache kikae peke yake kwenye kichwa cha habari. Kwa makaburi, "kuvunjia heshima makaburi" inasomeka vizuri zaidi.

Irreverent ni jepesi kuliko yote: kukosa adabu mbele ya jambo linaloheshimiwa. Kibonzo kinachomchekesha msomaji juu ya askofu ni irreverent. Si lazima kiwe kufuru. "Chenye utani usiojali heshima" inatosha.

Huenda ukakutana pia na execrate, kulaani, ukashangaa kwamba nayo ina sacer tumboni. Usishangae. Sacer ya Warumi ilikuwa na pande mbili: kilichotengwa kwa ajili ya miungu, na kilicholaaniwa, kwa kuwa vyote viwili havishikwi na mtu wa kawaida. Sisi tunayo hali hiyo hiyo kwenye mzizi wa haramu. Nyama ya nguruwe ni haramu kwa Mwislamu, na Msikiti Mkuu wa Makka ni Haram. Mwenye kwenda Hija huvaa ihramu. Wazo ni moja, la kitu kilichowekewa mpaka. Kiingereza kimeipa pande hizo majina tofauti, na mtafsiri anayetazama mzizi peke yake bila kusoma sentensi nzima atapotea hapo.

Swear nayo itakusumbua, kwani ni kuapa na ni kutukana. Maana ya kwanza ndiyo ya zamani; ya pili ilizaliwa kwa watu kutaja vitu vitakatifu ovyo katika viapo vyao. Kwetu apa imezaa apiza, basi njia tunaijua. Angalia kinachofuata kitenzi: swear ikifuatwa na "on the Bible" au "that" ni kuapa, ikifuatwa na "at", mtu anatukanwa. Na kama kijitabu kinagusa jumba la maigizo la London, kuna sheria ya mwaka 1606 iliyomtoza pauni 10 yeyote aliyelitaja jina la Mungu kwa mzaha jukwaani. Pauni 10 enzi hizo zilikuwa fedha nyingi, na jina la Mungu likazidi kuvishwa vinyago. Zounds, neno la mshangao lililokuwapo hata kabla ya sheria hiyo, ni "majeraha ya Mungu" iliyokatwa kichwa. Gosh na golly, zilizokuja baadaye sana, ni God aliyefichwa uso. Usizitafsiri kwa "Mungu wangu!", maana unamfichua aliyefichwa kwa makusudi. Sisi tuna "haki ya nani!", ambayo ni "haki ya Mungu" iliyokwepa jina kwa ujanja ule ule. Itumie.

Rudi sasa kwenye zile kufuru saba. Kwa kila moja jiulize kilichoguswa ni nini: kitu kimeibwa, neno limesemwa, mahali pamechafuliwa, au adabu imekosekana? Ibakize kufuru pale tu penye neno lililosemwa. Nadhani zitabaki mbili au tatu.

Kisha kagua ukurasa wa utangulizi. Kama umeandikwa na mchungaji, cheo chake ni Reverend, kwa d, yaani anayestahili kuheshimiwa. Reverent, kwa t, ni yule anayetoa heshima, na hao ndio waumini waliokaa kwenye viti. Kompyuta haitakupigia mstari mwekundu hapo, kwa sababu yote mawili ni maneno halali.